Shahidi wa Juu ya Paa

Neno jazira si geni kwa msomaji wa tenzi zetu. Sisi tunalijua kwa maana ya kisiwa, na Waarabu wa zamani waliiita Pemba al-Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani. Lakini Mwarabu asemapo jazira si lazima akusudie nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Aweza kukusudia ile rasi kubwa iliyokumbatiwa na bahari pande tatu, na upande wa nne umeungana na bara. Jina la kituo cha televisheni cha Al Jazeera limetoka huko. Kilianza kurusha matangazo yake kutoka Doha, mji mkuu wa Qatar, tarehe 1 Novemba 1996.

Kabla yake palikuwa na televisheni ya Kiarabu ya BBC, iliyoendeshwa kwa ubia na kampuni ya Kisaudia ya Orbit. Ubia huo ulivunjika Aprili 1996, baada ya kipindi juu ya Saudia ambacho wenye fedha hawakukipenda, na waandishi wengi wakabaki hawana kazi. Amiri wa Qatar, Sheikh Hamad bin Khalifa, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa amemwondoa baba yake madarakani, akatoa fedha, na wengi wao wakahamia Doha. Mpaka hapo, kazi kubwa ya televisheni za serikali za Kiarabu ilikuwa kumwonyesha mtawala akipeana mikono na wageni. Al Jazeera ilileta watu wanaobishana. Ajabu hiyo ilitosha kuwafanya watu wapande juu ya mapaa kufunga madishi.

Na sisi tukafunga letu. Baraza ya mtaani kwetu ilikuwa na televisheni moja, mali ya mwenye duka, na vita vya Iraki vilipoanza alfajiri ya tarehe 20 Machi 2003 tuliizunguka kila usiku baada ya sala ya isha. Mimi nilikuwa mkalimani. Sikupata kusoma Kiarabu katika skuli yoyote kubwa. Nilikipata chuoni, kisha nikakifuata mwenyewe kwa kamusi na vitabu vya mashairi, kwa hiyo nilikijua zaidi cha washairi waliokwisha kufa kuliko cha wasomaji wa habari. Wazee walikuwa wakinisubiri nimalize sentensi, nami nilikuwa bado naitafuta sentensi iliyopita. Baghdad waliyoijua wengi wetu ilikuwa ile ya Alfu Lela Ulela. Sasa tulikuwa tunaiona ikiwaka moto, na mimi ndiye niliyepaswa kusema ni nani aliyeiwasha na kwa jina gani.

Mwaka mmoja baadaye ikatoka filamu iliyopigwa ndani ya nyumba zilizokuwa zikitutumia zile picha. Inaitwa Control Room, na aliyeitengeneza ni Jehane Noujaim, mwanamke mwenye nasaba ya Misri na Marekani. Alikwenda Doha na watu wachache wakati vita vinaanza, akapiga picha pahala pawili: katika ofisi za Al Jazeera, na katika kituo cha habari cha jeshi la Marekani pale As Sayliyah. Pahala hapo pawili pamo katika mji mmoja. Nchi iliyokuwa ikilipa mishahara ya kituo kile kilicholaumiwa na Washington ndiyo hiyohiyo iliyokuwa imeyapa makazi makao ya kuongozea vita. Filamu haiifafanui sana hali hii, na nadhani ilipaswa kuifafanua. Amiri alikuwa na mkono mmoja huku na mwingine kule, na kila upande ulikuwa ukimdhania ni wake.

Watu watatu ndio wanaoibeba filamu. Samir Khader ni mtayarishaji mkuu wa habari, mvutaji sigara asiyepumzika, mwenye maneno ya kejeli. Anasema angepewa kazi na Fox angekwenda, na kwamba watoto wake angependa wakasome Marekani. Hassan Ibrahim ni Msudani aliyewahi kuwa mtu wa BBC, mcheshi na mzito kwa pamoja, ambaye anaamini kwamba watakaoizuia Marekani ni Wamarekani wenyewe kwa katiba yao. Wa tatu ni Josh Rushing, luteni kijana wa wanamaji wa Marekani, aliyepewa kazi ya kuwaeleza waandishi kwa nini jeshi lake limekwenda Iraki. Yeye na Hassan wanabishana kwa adabu, kama watu wa baraza moja.

Pana sehemu moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha filamu yote. Tarehe 23 Machi 2003 Al Jazeera ilionyesha picha zilizotoka televisheni ya Iraki: askari wa Kimarekani waliotekwa karibu na Nasiriyah, na maiti za wenzao. Washington ilighadhibika, na Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld akataja Mikataba ya Geneva. Rushing anaisimulia hali yake mwenyewe. Picha zile zilimchafua moyo na tumbo. Kisha akakumbuka kwamba usiku uliotangulia alikuwa ameona katika kituo hichohicho picha za Wairaki waliouawa, akaona ni jambo baya, lakini halikumzuia kula. Akatambua kuwa watu wa Al Jazeera waliziona zile za mwanzo kama yeye alivyoziona hizi za pili. Anasema jambo hilo linamfanya avichukie vita, ila halijamfanya aamini kwamba dunia yaweza kuishi bila vita. Sijapata kuona msemaji wa jeshi lolote akijifungua kifua namna ile mbele ya kamera. Wakubwa wake baadaye hawakumtaka aizungumzie filamu. Aliacha jeshi, na Al Jazeera ilipofungua kituo chake cha Kiingereza Novemba 2006, Rushing alikuwa miongoni mwa waandishi wake.

Lakini mimi ni mtu wa maneno, na niliitazama filamu hii kwa jicho la mkalimani. Vituo vya Marekani viliandika chini ya picha zao jina la jeshi: Operesheni ya Uhuru wa Iraki. Al Jazeera iliandika al-harb ala al-Iraq. Ala ni neno dogo tu. Ni juu ya, ni dhidi ya. Niliwaambia wazee "vita vya Iraki," kwa sababu ndivyo idhaa zetu za Kiswahili zilivyosema, na ndivyo nilivyoandika hata hapa. Angalia basi: vita vya Iraki yaweza kuwa ni vita ambavyo Iraki yenyewe inavipiga. Kiambishi kimoja kimemficha aliyeanza. Na uhuru, neno hili tulilolipokea kutoka Kiarabu na tukalipandisha bendera, lilikuwa gumu kulitamka usiku ule mbele ya watu walioona makombora yakishuka.

Je, Al Jazeera ilikuwa haina upande? Filamu haidai hivyo. Mhariri mmoja wa ukurasa wake wa Kiingereza anapoulizwa kama wao hawaelemei popote, anajibu kwa kuuliza kama yuko mwandishi wa Kimarekani asiyeelemea katika vita hivi. Jibu zuri, ila si jibu. Zaidi ya hilo napenda pale Khader anapowafokea wenzake kwa kumleta hewani mchambuzi wa Kimarekani ambaye kazi yake ilikuwa kuilaani nchi yake tu. Ule si uchambuzi, asema, ni ndoto za mtu; yeye alitaka mtu wa kuonyesha pande zote. Alikasirika kwa sababu mgeni alikuwa upande wao kupita kiasi.

Wala Baghdad haikuwapenda. Rumsfeld alikuwa akisema kwamba bomu likianguka, Al Jazeera hukusanya wanawake na watoto na kujifanya kuwa limewapiga wao; serikali ya Saddam nayo iliwaona majasusi. Tarehe 2 Aprili 2003 Wizara ya Habari ya Iraki ilimkataza mwandishi wao mmoja kufanya kazi na ikamtaka mwingine aondoke nchini. Kituo kikajibu kwa kusimamisha kazi za waandishi wake wote walioko Iraki, hadi amri ile ikaondolewa. Tulikosa nyuso zao barazani, na baadhi yetu wakasema wamenunuliwa. Siku tatu nyuma walikuwa wamesema hivyohivyo kwa sababu nyingine.

Ikaja asubuhi ya tarehe 8 Aprili. Ofisi ya Al Jazeera ya Baghdad ilikuwa kando ya mto Dijla, ule ambao ramani za skuli huuita Tigris. Mwezi Februari kituo kilikuwa kimewaandikia wakuu wa Pentagon kuwapa vipimo vya mahali ofisi ilipo, ili isidhuriwe, kwa kuwa ofisi yao ya Kabul ilikwishapigwa Novemba 2001. Tareq Ayyoub, mwandishi kutoka Jordan, alikuwa na siku chache tu tangu afike Baghdad. Alikuwa juu ya paa pamoja na mpiga picha wake. Ndege ya Marekani ikashuka, ikafyatua. Mpiga picha alijeruhiwa, Tareq akafa. Siku hiyohiyo ofisi ya televisheni ya Abu Dhabi ilipigwa pia, na kifaru cha Marekani kikaipiga Hoteli ya Palestine, walimokaa waandishi wa dunia nzima. Wakafa wawili, Taras Protsyuk wa Reuters na José Couso wa televisheni ya Uhispania ya Telecinco. Jeshi lilisema haliwalengi waandishi.

Usiku tulikusanyika. Msomaji wa habari alikuwa akisema al-shahid Tareq Ayyoub. Nikatafsiri: "Tareq Ayyoub, shahidi." Ami yetu mmoja, aliyekuwa baharia wa majahazi, akanigeukia.

"Shahidi wa kuona au shahidi wa kufa?"

Nikamwambia, "Wa kufa, ami."

"Basi wa kuona ni nani?"

Sikuwa na jibu. Katika Kiarabu maneno ni mawili yaliyotoka mzizi mmoja: shahid mwenye kurefusha sauti ya mwanzo ni aliyeona na anayeshuhudia, shahid mwenye kurefusha ya pili ni aliyeuawa katika njia ya haki, ingawa katika Qur'ani hilo la pili nalo mara nyingi lina maana ya anayeshuhudia. Kiswahili kiliyapokea yote mawili na kuyavika kanzu moja. Mkalimani wa vitabu angeongeza neno la kufafanua, nami ndivyo nilivyofanya. Miaka imepita, na ninaona nilikosea. Ami yangu alikuwa ameuliza swali kwa Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa na jibu tayari, nami nikaligawa kwa kisu cha Kiarabu. Mtu yule alikufa kwa kuwa alikuwa akiona. Ningenyamaza baada ya kusema "shahidi", baraza ingefahamu yote mawili.

Katika filamu, mjane wa Tareq anazungumza na waandishi waliokusanyika Doha. Anawasihi wamfikishie watu ukweli, wasiseme uongo kwa ajili ya yeyote. Chumba kinakuwa kimya, na nyuso za watu wa habari, waliozoea kuuliza, hazina la kuuliza.

Siku ya pili yake, tarehe 9 Aprili, sanamu ya Saddam iliangushwa katika uwanja wa Firdos. Askari mmoja wa Kimarekani alilifunika uso kwa bendera ya nchi yake kabla ya kuiondoa. Watu wa Al Jazeera wanaitazama picha hiyo kwa shaka: watu uwanjani ni wachache, na kamera nyingi zimekaa karibu mno. Shaka yao juu ya kamera ilikuwa ya haki. Juu ya furaha sikubaliani nao kabisa. Walikuwako Wairaki, Mashia wa kusini na Wakurdi wa kaskazini, ambao kuanguka kwa mtu yule kulikuwa kwao ni kupumua baada ya miaka ya makaburi ya pamoja, na katika filamu nzima sauti yao haipo. Usiku ule barazani kwetu pia haikuwapo. Tulikuwa tumeshamwombolezea Tareq, hatukutaka kuona mtu anacheka.

Mpiga picha mwingine wa kituo hicho, Sami al-Hajj wa Sudan, aliyekamatwa mpakani mwa Pakistan mwishoni mwa mwaka 2001, alikaa Guantanamo hadi Mei 2008 bila ya kufunguliwa kesi. Shireen Abu Akleh aliuawa Jenin tarehe 11 Mei 2022, naye amevaa fulana iliyoandikwa kwamba ni mwandishi. Kisha ikaja Gaza, ambako majina yalikuwa mengi hata msomaji wa habari alipokuwa akiyasoma nilishindwa kuandamana naye. Anas al-Sharif aliuawa tarehe 10 Agosti 2025 pamoja na wenzake katika hema karibu na hospitali ya al-Shifa.

Juzi vijana wa mtaani waliniomba niwaonyeshe Control Room, na niwatafsirie. Duka limeshauzwa, baraza ingalipo. Ami baharia alikwishatangulia mbele ya haki. Tulipofika pale juu ya paa kando ya Dijla, nilisema neno moja tu, shahidi, nikanyamaza. Kijana mmoja akauliza ndege ile ni ya nani. Nikamjibu.