Ngome, Kanisa na Ukuta: Michoro ya Elimo Njau Murang'a

Katika Ulaya ya Zama za Kati, kasri la mfalme na nyumba ya watawa vilisimama bega kwa bega. Pale Westminster, Mfalme Henry III alianza kulijenga upya kanisa la abasia mwaka 1245, na wakati wa utawala wake chumba kikuu cha kasri lililokuwa jirani kikapambwa kwa michoro ya ukutani. Mamlaka yalilipa gharama, dini ikatoa visa, na mchoraji akatumikia pande zote mbili. Swali linalomkabili mhakiki ni hili: je, sanaa ya namna hiyo husema tu yale iliyoagizwa kusema?

Swali hili lina uzito wa pekee katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Atokaye Kagio kupitia Sagana hufika Murang'a, mji ambao wakoloni waliuita Fort Hall kwa jina la Francis Hall, ofisa aliyefariki mwaka 1901. Hapa hapakuwa na mfalme. Palikuwa na ngome, na baadaye kanisa. Mwaka 1955, Hali ya Hatari ikiendelea, Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliweka jiwe la msingi la kanisa la kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Basi jengo lilizaliwa likiwa na upande. Lilichagua wafu wake.

Kuta za kanisa hilo alizichora Elimo Njau, kijana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea Makerere. Kazi ilikamilika mwaka 1959. Katika michoro hiyo, kuanzia kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa kwake, Masihi ni Mwafrika, na nchi anamoishi na kufia ni ya vilima vya Murang'a. Ni rahisi kuliona jambo hili kuwa mbinu ya kimisheni tu, yaani kuivika Injili ngozi ya wenyeji ili ipokelewe. Usomaji huo una ukweli, lakini ni finyu. Mwaka huohuo, mwezi Machi, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Mwili mweusi msalabani, unaouawa kwa amri ya dola, usingeweza kubaki mali ya upande mmoja wa vita. Maandiko yenyewe yanakataa: aliyesulubiwa alihukumiwa na gavana na kuangikwa na askari. Mchoraji hakuhitaji kuongeza neno. Ilitosha kubadili rangi na mandhari.

Fasihi ililifikia jambo hili baadaye. Katika A Grain of Wheat (1967), Ngũgĩ wa Thiong'o anampa Kihika, mpiganaji wa msituni anayeishia kunyongwa, Biblia yenye aya zilizopigiwa mistari. Riwaya inatamka waziwazi kile ambacho ukuta ulikidokeza tu, na ina uhuru wa kufanya hivyo kwa kuwa haikuagizwa na mtu. Hata hivyo, ukuta una jambo ambalo riwaya haina: hadhira yake. Mjane wa aliyekataa kiapo na mama wa aliyekila waliweza kuketi katika benchi moja, wakautazama mwili uleule, kila mmoja akimlilia wake.