Kimbunga cha Zanzibar cha 1872: tufani isiyopigwa picha

Mwezi Juni mwaka 2007, kimbunga kilichoitwa Gonu kilipoipiga Oman, picha zilitangulia habari. Wakazi wa Muscat walisimama madirishani na juu ya mapaa wakiwa na simu za mkononi na kamera ndogo, wakanasa maji ya mabonde yakibeba magari kama vifuu vya nazi. Watu wapatao 50 walikufa katika nchi hiyo. Na kwa kuwa Muscat ni mji wenye familia nyingi zilizotoka Zanzibar, ambazo bado huzungumza Kiswahili majumbani, picha hizo zilifika upesi kwa ndugu na jamaa wa Unguja, Mombasa na hapa London.

Ukiwauliza watu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, watakwambia kwamba balaa la namna hiyo ni la wengine. Vimbunga ni vya Bukini, ni vya Msumbiji, ni vya Komoro. Unguja ina kaskazi na kusi, ina masika na vuli, basi. Lakini, mpenzi msikilizaji, iko siku moja katika historia ya Zanzibar inayoikanusha kauli hiyo, nayo ni Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 1872.

Aprili ni wakati ambao mabaharia huuita tanga mbili. Kaskazi imechoka na kusi haijashika. Enzi zile, majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Bara Hindi, Ghuba na Arabuni yalikuwa yakingoja bandarini Zanzibar ili upepo ugeuke yapate kurudi makwao. Kwa maneno mengine, kimbunga kiliuchagua msimu ambao vyombo vimekusanyika mahali pamoja, vimetia nanga, na manahodha wanatazama mbingu kwa hamu ya upepo. Upepo walioupata haukuwa ule waliokuwa wakiutaraji.

Sayyid Barghash bin Said alikuwa amekalia kiti cha usultani tangu Oktoba 1870, yaani mwaka mmoja na nusu tu. Mbele ya mji zilielea meli zake za kivita na za biashara, alizorithi kwa nduguye, Sayyid Majid. Mojawapo ilikuwa na historia ya ajabu. Iliundwa Glasgow mwaka 1863, ikanunuliwa na majimbo ya kusini ya Marekani yaliyokuwa yakipigana kuutetea utumwa, ikapewa jina la Shenandoah. Ilizunguka dunia ikiteka na kuchoma meli za kaskazini, hadi ilipojisalimisha Liverpool mwezi Novemba 1865, miezi kadhaa baada ya vita kwisha. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa Sultani wa Zanzibar, ikaitwa El Majidi. Meli hiyo, iliyonusurika barafu ya ncha ya kaskazini ya dunia, ilitupwa ufukweni Unguja na upepo wa siku moja. Takriban jeshi zima la majini la Barghash liliangamia pamoja nayo, na majahazi ya wafanyabiashara yakavunjika kando yake.

Hapa ni vyema kueleza jinsi upepo wa aina hii unavyofanya kazi, kwa sababu ndiko kwenye siri ya uharibifu wake. Kimbunga si upepo mkali unaovuma kutoka upande mmoja. Ni gurudumu la upepo linalozunguka, na katika nusu ya kusi ya dunia huzunguka kama mishale ya saa. Likija kutoka baharini kuelekea magharibi, mji ulioko njiani pake hupigwa kwanza na upepo utokao kusini. Kisha, jicho la kimbunga likipita juu yake, hutulia. Mvua hukatika, watu hutoka nje kutazama hasara. Halafu upande wa pili wa gurudumu hufika, na upepo hurudi kutoka kaskazini kwa nguvu ile ile. Boriti iliyolegezwa na upepo wa kwanza hung'olewa na wa pili. Chombo kilichotia nanga kwa kukabili upande mmoja hujikuta kimegeuziwa mgongo. Nahodha mzoefu wa kaskazi na kusi, anayejua kwamba upepo ukishika upande wake hushika kwa miezi, hakuwa na sababu ya kuushuku utulivu wa saa moja.

Kwa nini basi jambo hili halitokei kila mwaka? Vimbunga huhitaji bahari yenye joto, lakini pia huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia, na msukumo huo huwa hafifu mno karibu na ikweta. Unguja ipo takriban digrii sita kusini mwa ikweta, pale pale kwenye mpaka. Zaidi ya hapo, kisiwa kikubwa cha Bukini kimekaa kama ukuta na huzipokea tufani nyingi zinazotoka mashariki. Kimbunga cha kufika Zanzibar, kwa hiyo, ni cha nadra. Nadra, lakini kipo.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Bagamoyo nayo haikusalimika. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliokuwa wamefungua misheni yao hapo mwaka 1868, na kuwapokea watoto waliokombolewa utumwani, waliona majengo yao yakianguka. Wakati huo huo mjini Zanzibar walikuwapo Waingereza waliotumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kwenda kumtafuta David Livingstone. Walikuwa wamewasili mwezi Machi na wakasubiri masika yapungue. Mapema mwezi Mei, Henry Morton Stanley akatokea bara akiwa na habari kwamba Livingstone ameshapatikana. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalijaa habari hiyo kwa miezi mingi. Kimbunga kilichovunja mji na mashamba ya kisiwa kizima kilipata mistari michache.

Hakuna picha ya tufani ile ikivuma, wala isingewezekana kuwapo. Mpiga picha wa 1872 alifanya kazi kwa vioo vilivyopakwa dawa mbichi, akaviingiza kwenye kamera kabla havijakauka, kisha akavisafisha papo hapo ndani ya hema lenye giza. Kitu kilichotikisika kilitoka kama ukungu. Sinema yenyewe ilikuwa bado miaka zaidi ya 20 mbele. La kushangaza ni kwamba mwakilishi wa Uingereza Zanzibar wakati huo, daktari John Kirk, alikuwa mpiga picha hodari aliyebeba kamera hadi mto Zambezi pamoja na Livingstone. Mtu mwenye jicho la kamera alikuwapo. Alichoweza kufanya ni kuandika barua.

Na barua zilikwenda kwa meli. Waya wa simu ya maandishi wa chini ya bahari haukufika Zanzibar hadi mwaka 1879, hivyo habari za kimbunga zilisafiri kwa mwendo wa chombo cha baharini kabla hazijaingia kwenye nyaya za Aden au Bombay. Leo anayetaka kuzifuatia nyaraka za ubalozi wa Uingereza wa miaka ile atazipata Kew, magharibi mwa London, na nyingine katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, Zanzibar. Atasoma habari za meli, za mali na za mashamba. Sauti ya mtu aliyeshika nguzo ya kibanda chake usiku kucha haimo. Sisi tunaotengeneza vipindi vya redio hatupaswi kuwacheka waandishi hao. Upepo mkali ukiingia kwenye kinasa sauti hutoa mkwaruzo tu. Ili msikilizaji aielewe tufani, hatimaye lazima mtu amsimulie.

Tuje kwenye karafuu, kwani ndizo zinazokifanya kimbunga hiki kuwa zaidi ya kisa cha hali ya hewa.

Mkarafuu si mnazi. Mnazi hujipinda na upepo, na mingi hubaki imesimama. Mkarafuu ni mti mrefu wenye matawi mazito na mizizi isiyozama sana. Ukiangushwa umekwisha, na mche utakaopandwa mahali pake utachukua miaka sita hadi minane kabla ya kuchumwa. Tangu enzi ya Sayyid Said bin Sultan, Unguja ilikuwa imegeuzwa shamba moja kubwa la zao hilo. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iliangamia siku ile. Matajiri wengi walikuwa wameshaweka mashamba yao rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi. Sasa waliamka wakiwa na deni lile lile na magogo yaliyolala chini.

Pemba, kaskazini kidogo, kiliguswa kwa uchache. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda, na kila aliyekuwa na ardhi Pemba akapanda mikarafuu. Hapo ndipo uzani ulipohama. Kabla ya 1872 Unguja ndiyo iliyokuwa nchi ya karafuu. Miongo michache baadaye Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya mavuno, na hali hiyo haijabadilika hadi leo. Anayepita njia ya Wete au Mkoani msimu wa uchumaji, akaona karafuu zimeanikwa juani kwenye majamvi, anaona kazi ya upepo ule.

Lakini mikarafuu ya Pemba haikujipanda. Ilifyekewa, ikapandwa na ikachumwa na watumwa. Na hili lilitokea wakati Uingereza ilipokuwa ikimkaba Barghash aachane na biashara hiyo. Januari 1873, miezi tisa baada ya kimbunga, Sir Bartle Frere aliwasili kutoka London na rasimu ya mkataba. Sultani alikataa, na miongoni mwa hoja zake alikitaja kimbunga: mashamba yamelala, watu wamefilisika, na kuwanyima vibarua wa kupanda upya ni kuwamaliza kabisa. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Ila tuseme wazi kwamba hasara iliyohesabiwa humo ilikuwa ya wenye mashamba, na dawa iliyopendekezwa ilikuwa ni migongo ya watu wengine, waliotekwa huko Nyasa na kwingineko bara, ambao kimbunga kiliwakuta bila hata mti wa kupoteza.

Frere aliondoka mikono mitupu. Kilichoamua ni tishio la manowari: Kirk alimjulisha Sultani kwamba kisiwa kingezingirwa. Barghash, ambaye meli zake zilikuwa zimevunjwa mwaka uliotangulia, hakuwa na cha kuwekea upande wa pili wa mizani. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana pale pale palipokuwa soko.

Mkataba ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, haukuufuta utumwa wenyewe. Pemba ilikuwa na njaa ya mikono, na bei ya karafuu ililipa hatari. Misafara ikaanza kutembezwa kwa miguu kaskazini kando ya pwani, hadi mkabala wa Pemba, kisha watu wakavushwa usiku kwa majahazi. Kuanzia 1874 Uingereza ikaweka bandarini Zanzibar meli kuukuu iliyoitwa HMS London, makao ya mashua zilizowinda vyombo hivyo, na ilikaa huko hadi 1883. Kapteni wake, Brownrigg, aliuawa Desemba 1881 akikabiliana na jahazi la watumwa karibu na Pemba. Hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba haikufutwa hadi 1897.

Barghash naye alitaka meli. Aliagiza nyingine Uskoti, iliyofuata mfano wa manowari ya Uingereza yenye jina la Glasgow, nayo ikaja mwaka 1878 ikiitwa Glasgow vile vile. Ilizamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza hata saa moja, na milingoti yake ilibaki imechomoza majini mbele ya mji hadi mwaka 1912. Wazee wengi wa Kizanzibari walikua wakiitazama milingoti ile. Kimbunga kilichosababisha meli hiyo iundwe hakikuacha mlingoti wa kutazamwa.

Pengine ndiyo maana kikasahaulika nje ya vitabu. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia Lindi, kusini mwa Tanganyika, kikaua watu na kuangusha nyumba. Tarehe 25 Aprili 2019 Kenneth, baada ya kupita Komoro, kilitua kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na mpaka wa Tanzania. Aprili 2021 Jobo kilielekea Dar es Salaam kikafa njiani, na wako waliosema tahadhari ilikuwa ya bure.

Kisha kikaja Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba kimbunga kamili kiko baharini, mashariki ya pwani. Boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Tarehe 4 Mei kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Safari hii kamera zilikuwapo. Watu walipiga picha mawimbi na minazi iliyoinama, wakapiga daraja lililosombwa, na abiria walioketi kando ya lami wakingoja njia ifunguliwe.