Mdudu wa Mafuta ya Karakana

Katika ukoo wa wadudu wasioonekana kwa macho uitwao Mycobacterium, wawili twawajua kwa msiba wao: yule wa ukoma, aliyeonwa na Hansen huko Norwei mwaka 1873, na yule wa kifua kikuu, aliyefunuliwa na Koch mwaka 1882. Leo twasimulia habari za ndugu yao aliyepewa jina mwaka 2001.

Fundi akerezapo chuma kwa mtambo, chuma hupata moto mkali. Basi humiminiwa maji yaliyochanganywa na mafuta. Maji hayo hayamwagwi, huzungushwa tena na tena, na wadudu huzaana humo. Mtambo nao hurusha ukungu, fundi akauvuta kwa pumzi. Katika miaka ya 1990, mafundi wa viwanda kadhaa vya Marekani walishikwa na kikohozi, homa na kukosa pumzi. Wadudu hawakuwa wakizaana kifuani mwao. Mwili wenyewe uliwachukia hata mapafu yakavimba, na mdudu aliyekufa aweza kuleta hayo sawa na aliye hai. Dawa ya kuua wadudu ikitiwa pipani, wanyonge hufa, na huyu mwenye ganda la nta huachiwa shamba zima.

Lakini ni nani huyu? Hadubini haikutosha kujibu, maana amefanana mno na jamaa zake wawili, chelonae na abscessus. Wataalamu wa nchi mbalimbali wakageukia DNA, uzi uchukuao urithi wa kila kiumbe. Nyuzi za wadudu wawili hupashwa moto hata zikaachana, kisha huchanganywa zipoe. Zilizo za aina moja hushikamana. Kipimo kilichokubaliwa mwaka 1987 ni 70 kwa mia, na huyu hakukifikia kwa jamaa yake yeyote. Basi ni aina mpya.

Tena alionekana katika mitambo ya kuoshea vyombo vya hospitali vya kuchungulia ndani ya mwili. Vyombo vilitoka navyo vina wadudu, na watu wazima wa afya wakadhaniwa wagonjwa. Kwetu sisi hili ni zito kama kile kikohozi.

Aliitwa Mycobacterium immunogenum, yaani mwenye kuamsha kinga ya mwili. Wapimaji wa mapipa sasa humtafuta kwa jina lake, hata katika maji yaliyokwisha kutiwa dawa.