Visiwa vya Hanish: Mabeberu Waliacha Swali, Wavuvi Walilipa Jibu

Katika Bahari ya Shamu, kaskazini ya Mlango wa Bab el Mandeb, viko visiwa vilivyotokana na volkano: Zuqar, Hanish Kubwa, Hanish Ndogo na vinginevyo vidogo zaidi. Hakuna kijiji huko, wala shamba, na maji matamu ni ya shida. Hata hivyo mwezi Desemba 1995 majeshi ya nchi mbili maskini, Eritrea na Yemeni, yalipigana kwa ajili ya visiwa hivyo. Ni wajibu wetu kujiuliza: mgogoro huu ulitoka wapi, na unatufundisha nini?

Mtu anayetazama juu juu atasema ni ugomvi wa jirani na jirani. Jibu hilo halitoshi. Ni lazima tuanze na historia.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza visiwa hivi vilikuwa chini ya dola ya Kituruki. Dola hiyo iliposhindwa, Mkataba wa Lausanne wa 1923 uliilazimisha Uturuki kuacha haki zake zote juu ya visiwa hivyo. Lakini mkataba haukusema vinakwenda kwa nani. Ulisema tu kwamba hatima yake itaamuliwa na wahusika. Wahusika hao ni akina nani? Waliokuwa na sauti ni mabeberu wawili: Waitalia, waliokuwa wakiitawala Eritrea, na Waingereza, waliokuwa wameishika Aden na kuilinda njia ya meli zao za kwenda India. Kila mmoja alimwogopa mwenzake. Kwa hiyo katika mapatano yao ya 1938 waliahidiana kwamba hakuna atakayejitangazia mamlaka juu ya visiwa hivyo wala kujenga ngome huko. Watu wa Eritrea hawakuulizwa, na Yemeni pia haikuulizwa. Swali liliachwa wazi kwa sababu kuliacha wazi kuliwafaa wakubwa.

Mwaka 1947 Italia iliyoshindwa vitani ilipoteza makoloni yake. Mwaka 1952 Eritrea iliunganishwa na Ethiopia katika shirikisho, na mwaka 1962 shirikisho hilo likavunjwa na Eritrea ikamezwa kabisa. Ikafuata vita ya ukombozi ya miaka mingi. Yemeni nayo ilikuwa imegawanyika pande mbili hadi ilipoungana mwaka 1990. Eritrea ilipata uhuru wake mwaka 1993. Hivyo ndivyo mataifa mawili mapya yalivyokutana baharini, kila moja likiwa na fahari ya ushindi wake, na kati yao lipo swali la 1923 bila jibu.

Hapa msomaji atakumbuka Azimio la Cairo la Julai 1964, ambalo Mwalimu Nyerere alilipigania, kwamba nchi za Afrika ziiheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. Azimio hilo limezuia vita nyingi. Lakini katika Hanish halikuweza kuwa dawa. Kwanza, Yemeni si nchi ya Afrika. Pili, hapakuwa na mpaka wa kurithi: wakoloni hawakuuchora.

Cheche ilikuwa ni mradi wa hoteli ya watalii kwenye Hanish Kubwa, uliopewa kibali na Yemeni. Eritrea ilidai kazi isimame. Mazungumzo yakashindikana, na katikati ya Desemba 1995 Eritrea ikakiteka kisiwa hicho na kuwashika askari wa Kiyemeni wapatao 200, ambao waliachiliwa mwishoni mwa mwezi huo. Hatuwezi kuwatupia mabeberu lawama ya risasi hizo. Historia iliweka kuni, lakini waliowasha kiberiti ni viongozi wa nchi huru. Mwanamapinduzi asiyekiri hilo anaitumia historia kama kichaka cha kujifichia.

Hata hivyo nchi hizo zilirudi nyuma kabla ya vita kubwa. Kwa msaada wa wapatanishi, zilitia sahihi mwaka 1996 mjini Paris makubaliano ya kupeleka shauri mbele ya baraza la waamuzi 5. Hukumu ya kwanza ilitolewa tarehe 9 Oktoba 1998. Waamuzi waliyakataa madai ya kale ya pande zote mbili: ya Yemeni kwamba visiwa ni vyake tangu zama za maimamu, na ya Eritrea kwamba ilivirithi kutoka Italia kupitia Ethiopia. Waliangalia ni nani aliyefanya kazi za serikali huko katika miaka ya karibuni: minara ya taa, vibali, doria. Zuqar, Hanish, Jabal al-Tayr na Zubayr vikaenda Yemeni. Visiwa vya Mohabbakah, Haycock na Miamba ya Kusini Magharibi, vilivyo karibu na pwani ya Eritrea, vikaenda Eritrea. Eritrea ilikabidhi Hanish bila risasi. Mpaka wa baharini ukachorwa kwa hukumu ya pili, tarehe 17 Desemba 1999.

Lakini sehemu ya hukumu inayotuhusu zaidi ni ile ya wavuvi. Kwa karne nyingi wavuvi wa pwani zote mbili walitia nanga, walikausha samaki na kupumzika katika visiwa hivyo, bila kuulizana hati. Waamuzi waliamua kwamba desturi hiyo idumu: mvuvi mdogo wa upande wowote awe huru kuvua, na hukumu ya 1999 ikafafanua kwamba aweze pia kuingia bandarini na kuuza samaki wake upande wa pili. Maana yake ni kwamba bendera inaweza kuwa ya mmoja, na jasho likabaki na haki yake.

Yako mafundisho matatu. La kwanza, mpaka usioamuliwa ni bomu lililofukiwa, na yafaa kulifukua wakati wa amani. La pili, kushindwa mahakamani si aibu. Mwezi Mei 1998, Eritrea hiyo hiyo iliingia vitani na Ethiopia kwa ajili ya Badme, na watu wakafa kwa maelfu. Atakaye kujua thamani ya hukumu ya Hanish na ailinganishe na makaburi ya Badme.

La tatu, karatasi haijilindi yenyewe. Tangu Yemeni ilipotumbukia katika vita baada ya 2014, zimetoka habari nyingi za wavuvi wa Kiyemeni kukamatwa na Eritrea na kunyang'anywa mashua zao. Mawe yalikwisha kugawanywa, lakini haki ya mvuvi ingali inahitaji mtetezi. Kwa hiyo kada anayezungumzia mipaka asiishie kuuliza kisiwa ni cha nani. Aulize pia ni nani anayekula kutokana na bahari ile, na kama bado anaruhusiwa kuvua.