Kimo cha Farasi

Husemwa kwamba mtu mzito achague farasi mrefu. Mimi sioni kimo kuwa hoja kubwa. Kinachobeba mzigo ni mgongo imara na miguu yenye mifupa minene, wala si urefu. Lakini historia ya mitaa yetu yanifunza jambo lililo mbele ya hayo: nchi atakayoikanyaga.

Aprili 1916 Jenerali van Deventer aliwatoa askari wapanda farasi wa Afrika Kusini Arusha, akawapeleka Kondoa Irangi. Mvua, njaa na maradhi ya mbung'o viliwaua farasi kwa mamia, warefu kwa wafupi. Yule inzi hakuuliza kimo.

Wanyama walipokosekana, mizigo ilizidi kuhamia vichwani mwa watu. Mpagazi alibeba kama kilo 25, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoipa jina Kariakoo, jirani wa Mchikichini yetu.

Basi, msomaji, ukichagua farasi, uliza kwanza ataishije huko uendako. Na akifa, ni nani atakayeubeba mzigo wake?