SOMO LA HISTORIA: JICHO LA KUONA CHINI YA ARDHI

Somo letu la leo ni habari za watu waliotafuta jicho la kuona chini ya ardhi.

Miamba ya Kahama na Geita ni ya kale sana; umri wake wapita miaka milioni 2,500. Zamani hizo maji ya moto yalipita katika nyufa za miamba, yakaacha dhahabu humo. Ndivyo mshipa ulivyofanyika. Lakini mshipa hupinda, na pengine hukatika. Mchimba duara huuona pale anapopiga sururu tu. Mbele yake ni giza.

Sasa twende Mwadui, mkoani Shinyanga. Daktari John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alitafuta almasi kwa miaka kadhaa, hata mwaka 1940 akaipata hapo. Almasi hupandishwa juu na volkano ya kale, ndani ya mwamba uitwao kimberlaiti. Pamoja nayo huja chembe za mawe mengine, kama garneti, na mvua huzisomba mbali. Basi watafutaji huchekecha mchanga na kufuata chembe hizo, kama mwindaji afuatavyo nyayo, mpaka wafike zilikotoka. Mwamba wa Mwadui una eneo la hekta 146 hivi, nao ni mmojawapo wa mikubwa ya namna yake duniani. Williamson alifariki mwaka 1958.

Jicho jingine ni mashine ya kuchoronga. Huingiza bomba refu ardhini na kutoa jiwe lenye umbo la fimbo. Wataalamu huandika kila kipande kimetoka kina gani. Mgodi wa Buzwagi, karibu na Kahama, uliofanya kazi tangu 2009 hata 2021, ulichorongwa kwanza ndipo ukachimbwa.

Siku hizi habari za mashimo hayo hutiwa katika kompyuta, nayo huchora picha ya miamba. Mtu akivaa miwani ya namna ya pekee, hujiona yumo ndani ya ardhi: huku mshipa, kule ufa. Iko miwani nyingine imwoneshayo mwamba ulio mbele yake hasa, na juu yake picha ya yaliyofichika. Hivyo mwanafunzi huweza kujua mahali pa hatari kabla hajateremka.

Lakini sikilizeni vema. Miwani hiyo haipenyi ardhi. Huonyesha yaliyoandikwa tu, na kati ya shimo na shimo kompyuta hukisia. Mashimo yakiwa machache, picha huweza kudanganya.

Basi mchimba duara asiye na miwani, naye ana la kufanya. Aandike daftarini: kina gani, jiwe gani, ufa uko wapi, maji yametokea wapi. Asipoandika, anayekuja nyuma yake huanza tena gizani, na pengine mwamba humwangukia palepale ulipokwisha kuonekana una ufa.

MASWALI
1. Watafutaji wa almasi hufuata nini?
2. Kwa nini picha ya miwani huweza kudanganya?
3. Taja mambo manne ya kuandika duarani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.