Kitu kigeni kikikwama puruni: uchunguzi na matibabu ya dharura

Kitu kigeni kilichokwama katika puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ni dharura ambayo aibu huichelewesha. Mkazi wa Tseikuru, Kaunti ya Kitui, akipewa rufaa hupitia Kyuso hadi Mwingi. Saa zilizopotea nyumbani huongezwa na za safari.

Mgonjwa huhojiwa faraghani, bila lawama. Tumbo hupapaswa, kisha picha ya eksirei hupigwa kabla ya kidole kuingizwa, kwa kuwa kitu chenye ncha chaweza kuwajeruhi mgonjwa na daktari. Plastiki na mti huenda visionekane pichani.

Homa na tumbo lililokakamaa huashiria utumbo uliotoboka. Hapo mgonjwa hutundikiwa maji, hupewa viuavijasumu na kufanyiwa upasuaji bila kukawia.

Pasipo dalili hizo, vitu vingi hutolewa kupitia njia ya haja kubwa, misuli ikiwa imelegezwa kwa dawa, kisha utumbo hukaguliwa tena. Haluli na enema hazifai.

Kitu kikiwa kimeingizwa kwa nguvu, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006. Ushahidi huhifadhiwa na fomu ya P3 hujazwa.